Nyimbo Zetu Zisife na Kanda: Jinsi ya Kuhifadhi na Kucheza Muziki wa Kikundi kwa Kompyuta



Karibu kila kikundi tunachotembelea kina sanduku lake la zamani. Ukilifungua unakuta daftari za mahudhurio, muhuri, vitabu vya risiti vilivyokwisha, na chini kabisa kanda za kaseti zilizofungwa pamoja kwa mpira. Ukiuliza ni kanda za nini, mama mmoja atacheka na kusema, "Hizo ni sauti zetu tukiwa vijana."

Hayo ni kweli. Ndani ya kanda hizo mna nyimbo za harambee ya kujenga zahanati, kwaya ya mwaka ule, arusi ya mtoto wa mwenyekiti, na hotuba ya mzee ambaye leo hayupo. Lakini redio kaseti ya kuzicheza iliharibika zamani. Kwa hivyo sauti zipo, na hakuna anayezisikia.

Katika toleo hili tunaeleza jinsi kikundi kinavyoweza kuzihamisha sauti hizo kutoka kwenye kanda hadi kwenye kompyuta, kuzipanga vizuri, na kuzicheza tena nyumbani au mkutanoni. Si kazi ya wataalamu tu. Kijana aliyemaliza fomu foo akisaidiana na mama anayezijua nyimbo wataiweza.

KOSA LETU WENYEWE

Kabla ya kuwafundisha wengine, wacha tuseme ukweli juu yetu.

Tulipoanza kazi hii, kikundi kimoja cha akina mama kilituletea kanda 11. Moja ilikuwa na wimbo ambao mwanzilishi wao aliutunga mwenyewe, akiwataja kwa majina wanawake wote waliotoa shilingi za kwanza za kununua shamba la kikundi. Daftari ya mwaka huo ililiwa na mchwa. Wimbo ule ndio uliobaki kuwa daftari.

Sisi tulikuwa na haraka. Tulitoa redio kaseti kwenye stoo, tukapangusa vumbi la juu, tukaingiza kanda na kufinya kitufe. Ikaimba vizuri kwa dakika tatu. Halafu sauti ikaanza kuvutika kama mtu mwenye usingizi, kisha kimya. Tulipofungua mlango wa redio, utepe ulikuwa umejizungusha kwenye gurudumu la mpira, umekunjika na kukatika mahali pawili.

Tuliuunganisha tena, lakini kipande kimoja hakikufaa. Majina ya wanawake wanne hayasikiki tena. Tulilazimika kwenda kwa miguu yetu kuwaambia. Mama mmoja mzee alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi wale wengine msiwapoteze." Makala hii tunaiandika kwa sababu ya neno hilo. Haraka haraka haina baraka, na hapa tuliiona kwa macho.

KWA NINI KANDA HUZEEKA

Kanda ya kaseti ililetwa sokoni na kampuni ya Philips mwaka 1963. Ndani yake mna utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa chuma. Sauti huandikwa kwenye unga huo kwa nguvu za sumaku. Kichwa kidogo ndani ya redio huusoma unga huo utepe ukipita, na kuurudisha kuwa sauti.

Sasa, gundi inayoshika unga huo kwenye plastiki huchoka. Joto la paa la mabati huipinda plastiki. Unyevu huleta ukungu mweupe. Kanda ikiwekwa karibu na spika kubwa, sumaku ya spika hufifisha sauti. Na kila mara unapoicheza, unga kidogo hubanduka na kubaki kwenye kichwa cha redio. Yaani kanda unayoipenda na kuicheza kila siku ndiyo inayochakaa mbele ya nyingine.

Tatizo jingine ni mashine. Redio kaseti nzuri hazipatikani madukani kama zamani, na mafundi wanaozijua wanapungua kila mwaka. Ndiyo maana tunasema kazi hii isingoje mradi mkubwa wala mfadhili.

KOMPYUTA HUFANYA NINI?

Kompyuta haihifadhi sauti kama sumaku ya kanda. Huipima sauti mara nyingi sana na kuandika kila kipimo kama nambari. Kwa kipimo cha kawaida kilichotumiwa kwenye sidii, sauti hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde moja. Nambari hizo zikisomwa tena kwa mpangilio ule ule, sauti hurudi.

Faida yake ni hii: nambari hazichakai kwa kusomwa. Ukicheza wimbo mara 1,000, mara ya mwisho utasikika sawa na mara ya kwanza. Na ukitoa nakala, nakala ni sawasawa na asili. Kwa kanda si hivyo. Nakala ya kanda ni hafifu kuliko mama yake, na nakala ya nakala ni hafifu zaidi.

Faili za sauti ni za aina mbili ambazo kikundi kinapaswa kuzijua.

WAV ni faili kubwa isiyopunguzwa chochote. Dakika moja huchukua karibu megabaiti 10. Kanda ya dakika 60 huchukua karibu megabaiti 635. Hii ni kama mbegu: unaiweka ghalani.

MP3 ni faili ndogo. Imeondolewa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi. Kanda ile ile ya dakika 60, kwa kipimo cha kilobiti 192 kwa sekunde, huchukua karibu megabaiti 86. Hii ni kama unga wa kupika: unaitumia kila siku, unawagawia wanachama, unaicheza kwenye simu na redio.

Ukiwa na WAV unaweza kutengeneza MP3 wakati wowote. Lakini ukiwa na MP3 peke yake, kilichoondolewa hakirudi. Kwa hivyo wekeni zote mbili.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

1. Kompyuta. Si lazima iwe mpya. Ya mitumba yenye nafasi ya kutosha inafaa, ya mezani au laptopu. Ikiwa ni ya Windows 10, jueni kwamba kampuni ya Microsoft iliacha kuipa matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kazi ya muziki peke yake, bila kuiunganisha na intaneti, bado itafanya kazi. Njia nyingine ni kumwomba kijana anayeelewa aweke Linux Mint, ambayo ni ya bure.

2. Redio kaseti au deki inayocheza vizuri, yenye tundu la hedifoni au la kutolea sauti.

3. Waya wa sauti wenye vichwa viwili vidogo vya milimita 3.5, kama ule wa kuunganisha simu na spika. Deki nyingine zina matundu mawili, jekundu na jeupe. Hapo mtahitaji waya wenye vichwa viwili vya rangi hizo upande mmoja.

4. Programu. Audacity ni ya kurekodi na kukatakata sauti. VLC ni ya kucheza. Zote mbili ni za bure. Msikubali kuuziwa.

5. Hedifoni za kusikilizia, pamba, spiriti ya kusafishia vyombo vya elektroniki (isopropili), daftari na kalamu.

Tukumbushane juu ya matundu, kwa maana hapa wengi hukwama. Nyuma ya kompyuta nyingi za mezani mna matundu matatu ya rangi. La kijani ni la kutoa sauti kwenda kwa spika. La waridi ni la maikrofoni. La buluu ni la kuingizia sauti kutoka mashine nyingine, na hilo ndilo tunalolitaka. Msitumie la maikrofoni. Limetengenezwa kukuza sauti ndogo sana, kwa hivyo sauti ya redio ikiingia hapo hupasuka.

Laptopu nyingi zina tundu moja tu, na tundu hilo halipokei sauti ya redio vizuri. Dawa yake ni kadi ndogo ya sauti ya nje inayochomekwa kwenye tundu la USB. Mkiinunua, muulizeni mwenye duka kama ina tundu la kuingizia sauti kutoka redio, si la maikrofoni peke yake. Mjaribu pale pale dukani kabla ya kulipa.

Wengine hutuuliza, "Kwa nini tusiweke simu mbele ya spika ya redio na kurekodi?" Inawezekana, na kama kanda iko karibu kufa na hakuna njia nyingine, fanyeni hivyo. Lakini simu itarekodi pia jogoo, mtoto anayelia na pikipiki inayopita. Waya husikia kanda peke yake.

HATUA KWA HATUA

Kwanza: kuhesabu na kuandika

Pangeni kanda zote mezani. Kila moja ipewe nambari kwa karatasi ndogo kwenye ganda lake. Andikeni katika daftari: nambari, maandishi yaliyo juu yake, na anayekumbuka kilichomo. Wazee wakae hapo. Hii ni kazi yao kuliko ya kijana wa kompyuta.

Angalieni ukingo wa juu wa kanda, upande ulio kinyume na ule ambapo utepe unaonekana. Mna vipande viwili vidogo vya plastiki. Vivunjeni kwa bisibisi ndogo. Vikishatoka, redio haiwezi tena kurekodi juu ya kanda hiyo hata mtu akikosea na kufinya kitufe chekundu.

Pili: kusafisha redio

Hapa ndipo sisi tulikosea. Fungueni mlango wa redio. Lowesheni pamba kwa spiriti, mkapanguse kichwa kinachong'aa na kijiti cha chuma kinachozunguka, mpaka pamba itoke nyeupe. Gurudumu la mpira lipanguseni kwa pamba yenye maji kidogo, kwa sababu spiriti ikizidi hukausha mpira. Msitumie mafuta ya taa, petroli wala marashi. Ngojeni dakika 15 pakauke.

Baadaye rudieni kusafisha kila baada ya kanda tano au sita. Kanda za zamani huacha unga mwingi.

Tatu: kujaribu kwa kanda isiyo na thamani

Chezeni kwanza kanda ambayo hamtalia ikiharibika. Iacheni iishe upande mzima. Redio ikiila hiyo, ipelekeni kwa fundi. Kanda ya mwanzilishi iwe ya mwisho kuingia, si ya kwanza.

Nne: kuandaa kanda

Kanda iliyokaa miaka mingi bila kuguswa, izungusheni yote mbele na kurudi nyuma mara moja kabla ya kuirekodi. Utepe utajipanga upya na kulegea. Kanda yenye ukungu mweupe isiingie kabisa kwenye redio. Iwekeni kando katika mfuko wake, maana ukungu utaenda kwa kanda nyingine.

Utepe ukiwa umekatika, ganda nyingi hufunguka kwa skrubu tano ndogo. Uunganisheni upande wa nyuma wa utepe, ule usiogusa kichwa. Utepe maalumu wa kuunganishia ndio bora. Selotepu ya kawaida hutoa gundi kwa joto, kwa hivyo mkiitumia kwa dharura, rekodini siku hiyo hiyo.

Tano: kupima sauti

Unganisheni redio na kompyuta kwa waya. Fungueni Audacity na mchague tundu mlilochomeka kuwa mahali sauti inapotoka. Chezeni sehemu ya wimbo yenye kelele zaidi, kama vigelegele au ngoma. Juu ya skrini kuna kipimo kinachopanda na kushuka. Rekebisheni sauti ya redio mpaka kilele kifike karibu na alama ya -6. Kikifika 0 na kuwa chekundu, sauti imepasuka, na sauti iliyopasuka hairekebishiki. Afadhali iwe chini kidogo, kwa maana ya chini inaweza kuinuliwa baadaye.

Sauti ikiwa nzito kana kwamba mwimbaji yuko nyuma ya blanketi, huenda kichwa cha redio kimeinama. Kando ya kichwa mna skrubu ndogo ya kukinyoosha. Ikizungushwa kidogo sana huku mkisikiliza, herufi kama "s" husikika wazi tena. Kama hamna uhakika, mwacheni fundi aifanye.

Mkisikia mngurumo usiokwisha, mara nyingi unatoka kwa stima. Ondoeni redio kwenye stima na muitumie kwa betri mpya. Lakini ziwe mpya kweli. Betri zikichoka, kanda huenda pole pole na kila mwimbaji huwa na sauti ya mzee.

Sita: kurekodi

Rudisheni kanda mwanzo. Finyeni kitufe chenye duara jekundu katika programu, kisha mchezeshe kanda. Rekodini upande mzima bila kusimamisha. Msijaribu kukata nyimbo wakati huo. Kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60, hakuna njia ya mkato. Mmoja akae na hedifoni, asikilize na kuandika: "Dakika ya 4, wimbo wa pili unaanza. Dakika ya 11, hotuba."

Upande ukiisha, hifadhini faili hapo hapo kama WAV kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Stima ikipotea, kazi isiyohifadhiwa inaweza kwenda nayo.

Saba: kukata na kusafisha

Fanyeni kazi hii kwenye nakala, si kwenye faili ya kwanza. Kateni kila wimbo uwe faili yake, kisha mtoe MP3. Programu inaweza pia kupunguza ule mvumo wa kanda. Tumieni kidogo tu. Tulipozidisha, waimbaji wetu walisikika kama wanaimba ndani ya mtungi. Mvumo kidogo si aibu.

MAJINA NDIYO MLANGO

Kompyuta ikiwa na faili 300 zinazoitwa "wimbo 1" na "wimbo mpya 2", ni sawa na kuwa na lile sanduku la zamani. Kikundi kikubaliane juu ya mtindo mmoja wa majina. Sisi tunatumia huu: mwaka, nambari ya kanda, nambari ya wimbo, jina. Kwa mfano:

1988-K07-03-harambee-ya-kisima

Mwaka ukitangulia, kompyuta itazipanga faili zenyewe kwa utaratibu wa miaka. Kama mwaka haujulikani, andikeni 0000, msibahatishe. Mkiupata baadaye mtabadilisha.

Tengenezeni folda mbili kubwa. Moja iitwe GHALA, ya WAV, ambayo haiguswi. Nyingine iitwe JIKONI, ya MP3 za kucheza. Ndani ya JIKONI wekeni folda ndogo: Harambee, Arusi, Kwaya, Hotuba, Watoto.

Kisha chapeni orodha ya yote kwenye karatasi: wimbo, aliyetunga, anayeongoza, lugha, mahali, tukio. Kompyuta inajua sauti, lakini haijui kwamba anayepiga kayamba ni mama wa mwalimu mkuu wa sasa. Hilo mnalijua ninyi, na mkinyamaza litapotea.

KUZICHEZA TENA

Hapa ndipo penye furaha. Unganisheni kompyuta na spika kwa tundu la kijani au la hedifoni. Fungueni VLC na mburute folda nzima ndani yake. Itacheza wimbo baada ya wimbo. Mnaweza pia kutengeneza orodha ya nyimbo za siku fulani, kwa mfano mkutano wa mwaka, na kuihifadhi kwa jina lake.

Kwa wanachama wasio na kompyuta, nakilini folda ya JIKONI kwenye flashi. Redio nyingi ndogo za siku hizi zina tundu la USB na zinasoma MP3. Lakini nyingi zinakubali tu flashi iliyopangwa kwa mtindo uitwao FAT32. Flashi ya gigabaiti 32 au chini ya hapo kwa kawaida haisumbui. Pia simu hupokea faili hizo hizo bila shida.

Hesabu nayo ni hii. Tuseme mna kanda 40 za dakika 60. WAV zote zitachukua karibu gigabaiti 25. MP3 zote zitachukua karibu gigabaiti 3.5. Sanduku zima la kikundi linaingia kwenye kitu kidogo kuliko kidole.

NAKALA TATU, NYUMBA MBILI

Urahisi huo ni hatari pia. Kitu kidogo kuliko kidole hupotea kama kidole kisivyopotea. Diski ya kompyuta nayo hufa bila kuaga, na flashi ikikaa miaka bila kutumika inaweza kusahau.

Kanuni yetu ni hii: nakala tatu, katika vyombo viwili tofauti, na moja iwe nyumba nyingine. Moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje kwa katibu, na moja kwenye flashi kwa mweka hazina ng'ambo ya pili ya kijiji. Moto au mwizi hapati nyumba mbili usiku mmoja. Kila mwaka, siku ya mkutano mkuu, fungueni nakala zote na msikilize. Iliyo na kasoro itolewe upya kutoka kwa nzima.

Na kanda zenyewe? Msizitupe. Wekeni mahali pakavu, penye kivuli, zikiwa zimesimama kama vitabu. Siku moja mashine bora inaweza kupatikana.

KAMA HAKUNA STIMA

Laptopu hutumia umeme kidogo kuliko kompyuta ya mezani, mara nyingi kati ya wati 30 na 60. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 50 ina karibu wati-saa 600, lakini msitumie zaidi ya nusu yake kama ni ya aina ya risasi na asidi, la sivyo itakufa mapema. Nusu hiyo inaweza kuendesha laptopu ya wati 40 kwa saa tano au sita. Hizo ni kanda tano. Fanyeni kazi mchana jua likiwa kali, ili betri ijazwe huku ikitumika.

NYIMBO HIZI NI ZA NANI?

Swali hili limevunja vikundi, kwa hivyo lijadiliwe mapema.

Kuna nyimbo mlizotunga na kurekodi wenyewe. Hizo ni zenu, lakini "zenu" ni za nani? Aliyetunga akiwa amefariki, familia yake iulizwe kabla sauti yake haijasambazwa kwenye simu za watu. Nyimbo nyingine ni za faragha, kama za jando au za kilio. Kuzihifadhi ni sawa. Kuzitangaza ni jambo jingine. Wazee waamue.

Kuna pia kanda za kununuliwa za wanamuziki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Sauti iliyorekodiwa nayo hulindwa kwa miaka 50 tangu mwaka iliporekodiwa. Kuuza nakala za nyimbo hizo bila ruhusa ni kumwibia msanii, hata kama mnachangia mradi mwema. Tengeni folda mbili mapema, yenu na ya wengine, zisichanganyike.

Tunayo mifano mizuri ya kazi hii katika nchi yetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita nchi ya Wakipsigis na kurekodi nyimbo zao, mojawapo ikiitwa "Chemirocha", inayomhusu mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika huko. Sauti hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini. Baada ya zaidi ya miaka 60 nakala za kidijitali zilirudishwa kwa wenyewe. Na Joseph Kamaru, mwimbaji mashuhuri wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, nyimbo zake zimekuwa zikitolewa upya na mjukuu wake mwenye jina lake, ajulikanaye kama KMRU. Mmoja alingoja wageni wairudishe sauti nyumbani, mwingine alikuwa na mjukuu. Kikundi chenu kina wajukuu wangapi?

RATIBA YA KIKUNDI

Kanda 40 zataka saa 40 za kurekodi. Mkikutana jioni mbili kwa wiki, saa mbili kila jioni, mtamaliza katika wiki 10. Ongezeni wiki chache za kukata nyimbo na kuandika majina. Wagawieni watu kazi: mmoja wa mashine, mmoja wa kusikiliza, mmoja wa daftari, na mzee mmoja wa kutambua sauti. Msimwachie kijana mmoja kila kitu. Akipata kazi mjini, ataondoka na ujuzi wote.

NENO LA MWISHO

Mtauliza kile kikundi cha akina mama kilifanya nini juu ya majina yale manne. Tulipomaliza kanda zao zote 11, tuliweka spika chini ya mti na kuwachezea. Wimbo wa mwanzilishi ulipofika mahali palipokatika, palikuwa na kimya kidogo. Mama mmoja akaanza kuimba mwenyewe ile sehemu iliyokosekana. Alikumbuka majina matatu. La nne lilikumbukwa na mwingine, baada ya kubishana sana juu ya nani alitoa kuku badala ya pesa.

Tulikuwa tumebeba simu. Tukarekodi hapo hapo, na jogoo yumo. Faili hiyo tumeiweka kando ya ile ya zamani. Ile ya zamani hatukuijaza, iko na pengo lake, ili kila atakayesikiliza ajue palipotea nini na kwa kosa la nani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kikundi chetu kina kanda ngapi, na ziko nyumba gani? Nani ataandika orodha wiki hii?

2. Ni wanachama gani wazee wanaotambua sauti zilizomo? Tutawatembelea lini?

3. Nani ana redio kaseti inayofanya kazi? Ilisafishwa lini mara ya mwisho?

4. Kuna kompyuta shuleni au kwa jirani tunayoweza kuazima jioni mbili kwa wiki? Tutamrudishia nini mwenyewe?

5. Ni nyimbo gani zisisambazwe, na nani atatoa uamuzi huo?

Tuandikieni mtueleze mlivyofanya, na hasa mlipokwama. Makosa yenu yatawasaidia wengine, kama tunavyotumaini yetu yamewasaidia ninyi.